Jinsi ya kupima dai la mtu anayesema alifika Ncha ya Kaskazini

Ukitaka kujua kama mtu alifika kweli Ncha ya Kaskazini, usianze na picha ya bendera. Kule juu hakuna ardhi wala jabali la kuchonga jina. Ni bahari iliyoganda, na barafu yenyewe hutembea usiku na mchana, hivyo bendera iliyosimikwa leo wiki ijayo itakuwa kwingine. Ushahidi wote umo kwenye daftari. Nimefanya kazi ya uafisa kwenye meli za mizigo, enzi ambazo sekstanti, kifaa cha kupima kimo cha jua na nyota, ndiyo iliyotuonyesha tulipo, na vijana huniuliza mara kwa mara: kati ya Cook na Peary, nani mkweli? Hivi ndivyo ninavyolichunguza jambo hilo, nawe unaweza kulichunguza mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

Kwanza panga madai yenyewe. Tarehe 1 Septemba 1909 Dk. Frederick Cook alipeleka simu ya maandishi kutoka Lerwick, visiwa vya Shetland, akisema alifika nchani tarehe 21 Aprili 1908. Siku chache baadaye Robert Peary, afisa wa jeshi la majini la Marekani, alitangaza kutoka pwani ya Labrador kwamba yeye alifika tarehe 6 Aprili 1909, na kwamba Cook ni mwongo. Magazeti yakagawana pande. Wewe usichukue upande kwanza.

Uliza: nani mwingine alipima? Nikiwa kadeti, nahodha alikuwa akitusimamisha nje adhuhuri, kila mmoja na sekstanti yake, na ilikuwa mwiko kuchungulia namba ya mwenzako kabla hujaandika yako. Tulipolingana, tuliamini. Sasa mtazame Peary. Mtu wa mwisho mwenye ujuzi wa kupima mahali alikuwa nahodha Bob Bartlett wa Newfoundland, na Peary alimrudisha tarehe 1 Aprili wakiwa latitudo ya digrii 87 na dakika 47, ilhali ncha yenyewe ni digrii 90. Waliosonga mbele naye ni Matthew Henson na Wainuit wanne, wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini: Ootah, Seegloo, Egingwah na Ooqueah. Hakuna kati yao aliyechukua vipimo vyake mwenyewe. Isisomwe kama dharau kwao. Henson, Mmarekani mweusi aliyesafiri na Peary zaidi ya miaka 20, ndiye aliyezijua sleji, vigari vya kuteleza juu ya barafu, na mbwa wa kuzivuta, akazungumza lugha ya Wainuit, na bila yeye na wenzake hao safari isingefika popote. Inaniuma kuona jina lake lilivyowekwa nyuma miaka mingi. Lakini aliyechagua nani awepo na nani apime ni Peary, na swali linabaki mlangoni kwake.

Kisha piga hesabu ya mwendo. Digrii moja ya latitudo ina dakika 60, na kila dakika ni maili moja ya bahari, yaani mita 1,852. Peary aliondoka Cape Columbia, pwani ya kaskazini ya Kanada, digrii 83 na dakika 7, tarehe 1 Machi. Hadi alipoachana na Bartlett ni dakika 280, kwa siku 31: maili 9 kwa siku, ukihesabu na siku alizokwama mbele ya maji yaliyopasua barafu. Kutoka hapo hadi nchani ni maili 133, naye anasema alizimaliza kwa siku 5. Maili 26 na zaidi kwa siku, na hizo ni za mstari ulionyooka, kana kwamba hapakuwa na vilima vya barafu vya kuzunguka. Mwendo uliongezeka karibu mara tatu mara tu shahidi alipogeuka kurudi. Hilo peke yake halimhukumu, kwa sababu kundi dogo lenye mbwa bora hukimbia zaidi. Mwaka 2005 Mwingereza Tom Avery alikwenda na mbwa na sleji za namna ile ile, akafika kwa muda mfupi kidogo kuliko siku 37 za Peary. Kwa hiyo andika pembeni: mwendo unatia shaka, haujavunja dai.

Sasa njoo kwenye jua, maana hapa ndipo kazi ilipo. Ukisimama nchani hasa, jua halichomozi wala halizami kwa siku. Linakuzunguka kwa kimo karibu kile kile. Kimo hicho ni sawa na umbali wa jua kaskazini mwa ikweta siku hiyo, na umbali huo huchapishwa kwenye almanaki ya mabaharia mapema kabla ya mwaka wenyewe kuingia. Tarehe 6 Aprili 1909 ulikuwa digrii 6 na ushei. Maana yake, mtu mwenye almanaki anaweza kukaa kwenye hema mbali kabisa na nchani akaandika namba inayotakiwa, tena nadhifu. Kwa hiyo ukurasa wa namba nadhifu hauthibitishi kitu. Tafuta vipimo kama vilivyoandikwa pale pale kwa vidole vya baridi: saa na kosa la saa, halijoto, kanieneo ya hewa. Jua likiwa chini kiasi hicho, hewa ya kawaida hupinda mwanga wake kwa dakika 8 au 9, na baridi kali huongeza, hivyo asiyeandika halijoto hajakupa kipimo kamili. Tafuta pia alichofuta. Richard Byrd, afisa wa jeshi la majini la Marekani, alisema aliruka kwa ndege juu ya ncha tarehe 9 Mei 1926. Daftari lake lilipochunguzwa miaka 70 baadaye, vilionekana vipimo vya sekstanti vilivyofutwa lakini bado vinasomeka, na havikulingana na taarifa aliyoitoa.

Usisahau longitudo. Kimo cha jua kinakuambia uko mbali kiasi gani kaskazini, hakikuambii umesukumwa kushoto au kulia. Peary hakupima longitudo njia nzima, wala hakukagua mchepuko wa dira, yaani tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini halisi, ilhali barafu chini yake ilikuwa inaelea. Kwangu mimi hili ni zito kuliko mwendo. Sijawahi kuona afisa akipewa zamu kwenye bahari ya wazi kwa utaratibu huo. Wally Herbert, Mwingereza aliyevuka barafu ile kwa mbwa, alipopewa daftari la Peary alihitimisha kwamba huenda alipishana na ncha kwa makumi ya maili.

Ukitaka kuona kazi iliyofanywa sawasawa, nenda kusini. Roald Amundsen wa Norwe alipofika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911, alituma watu watatu wateleze kilomita nyingi pande mbalimbali, ili hata kama hesabu ina kosa, ncha iwe ndani ya eneo walilolizunguka. Kisha wanne wakapokezana kupima jua kila saa kwa saa 24. Wakaacha hema na barua, na Januari iliyofuata Scott, mpinzani wao, akavikuta.

Angalia na alivyosema mtu huyo kabla. Cook alidai mwaka 1906 amepanda Denali, mlima mrefu kuliko yote Amerika Kaskazini. Picha aliyoiita ya kilele ilipigwa kwenye kijilima kilicho maili 19 kutoka kilele, na waliokwenda kukitafuta mwaka 1910 walikipata. Kuhusu ncha, alisema sehemu ya kumbukumbu zake aliiacha Greenland, nazo hazikuonekana tena; Chuo Kikuu cha Copenhagen kikasema Desemba 1909 kwamba alivyoleta havithibitishi. Lakini Wainuit wake wawili, Ahwelah na Etukishook, walipohojiwa na kunukuliwa wakisema hawakuiacha nchi kavu mbali, waliohoji ni watu wa Peary. Ushuhuda uliokusanywa na mpinzani pokea kwa tahadhari hata kama unakupendeza. Na Peary naye alidai mwaka 1906 ameona nchi kwa mbali, akaiita Crocker Land. Waliotumwa kuitafuta mwaka 1914 walikuta barafu tupu.

Kukanusha nako kunataka ushahidi. Mmisionari Johannes Rebmann aliposema mwaka 1848 ameona theluji Kilimanjaro, mwanajiografia Desborough Cooley alimkatalia akiwa London, hajawahi kuuona mlima. Kama huna daftari wala hesabu, nyamaza kwanza.

Mwisho chora safu tatu: alifika, hakufika, hakuthibitisha. Cook namweka ya pili, na Byrd na Peary ya tatu. Ya kwanza naijaza na Norge, puto kubwa la gesi lenye injini, lililopita juu ya ncha tarehe 12 Mei 1926 likiwa na Amundsen, Ellsworth na Nobile. Na kwa waliopita juu ya barafu yenyewe, Ralph Plaisted na wenzake, waliofika kwa pikipiki za theluji tarehe 19 Aprili 1968, ndege ya jeshi la anga la Marekani ikapita juu yao na kuthibitisha mahali walipo.