Kabla Hujawasha Moto: Kwa Anayeanza Kutengeneza Injini Ndogo ya Mvuke

Kama umeamua kujitengenezea injini ndogo ya mvuke ya kuweka mezani, usianze na garimoshi. Najua yale magarimoshi makubwa ya Garratt yaliyosimama Makumbusho ya Reli Nairobi yanamtia mtu hamu, lakini subiri. Anza na injini ya silinda moja inayoyumba. Hiyo haina vali ya kukuhangaisha: silinda yenyewe inacheza kwenye pini, tundu lake likienda upande mmoja linakutana na mvuke unaoingia, likienda upande wa pili linautoa. Kipenyo cha milimita 10 au 12 kinatosha kabisa.

Chora kwanza, kwa vipimo halisi, kabla hujakata chochote.

Tafuta tupa, msumeno wa chuma, vernia ya kupimia vipenyo na drili ya kusimama. Ya mkononi itakupindishia matundu. Huna mashine ya kukereza? Mpelekee mkereza vyuma mchoro wako, akutolee silinda, pistoni na gurudumu. Gurudumu liwe zito, maana mvuke unasukuma pistoni upande mmoja tu, na nusu ya pili ya mzunguko inabebwa na uzito wa gurudumu hilo.

Injini nyingi za wanaoanza zinagoma kwa sababu moja: uso wa silinda na uso wa kibao inachoegemea havikulala sawasawa, mvuke unatorokea pembeni. Tandika msasa laini juu ya kioo, weka tone la mafuta, sugua kwa kuzungusha bila kukandamiza. Kisha paka uso mmoja wino wa kalamu ya maka na uusuguanishe na mwenzake. Panapobaki na wino ndipo pasipogusa. Rudia mpaka wino ufutike kote. Kazi hii inachosha, na ukiiruka hutapata injini.

Ikishakamilika, iendeshe kwa upepo: pampu ya baiskeli, au kompresa iliyopunguzwa presha hadi chini kabisa. Injini isiyozunguka kwa upepo haitazunguka kwa mvuke. Na kwa upepo unaweza kukosea utakavyo bila kumuumiza mtu.

Sasa boila, yaani chombo cha kuchemshia maji yawe mvuke. Hapa nisikilize vizuri.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwanafunzi wa umeme mwenye mkono mzuri wa kazi, alipata kipande cha bomba la shaba kwa fundi friji. Akaziba ncha mbili kwa vifuniko na kuvilehemu kwa ile risasi ya waya wanayotumia mafundi redio. Boila ikapendeza, inang'aa. Mara ya kwanza ilifanya kazi bila shida, na kilichofanya kazi mara moja mtu hukiamini. Jumapili akaita wenzake waje kuona. Injini inazunguka, watu wanashangilia, na maji ndani yanaisha bila mtu kujua kwa sababu hakuweka kioo cha kuonyesha maji. Risasi ile inayeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi au karibu na hapo. Maji yakiwepo, shaba haiwezi kupita sana joto la maji. Yakipungua, sehemu iliyo kavu inapanda haraka. Kifuniko kimoja kikachomoka, upande aliokuwa ameinamia. Maji yaliyobaki, ambayo yalizidi nyuzi 100 na yalizuiwa na presha tu, mengine yakageuka mvuke palepale, na maji yakiwa mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Mkono wa kulia ulibabuka kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, shati la nailoni likagandamana na ngozi. Tulimwagia maji ya bomba mfululizo mpaka gari likaja. Mkono ulipona, lakini vidole viwili havikunji vizuri mpaka leo.

Kwa hiyo boila ilehemiwe kwa fimbo za fedha, zinazotaka joto la zaidi ya nyuzi 600. Mafundi friji wanazo pamoja na gesi yake. Mlipe mmoja, na kazi ifanyike nje penye hewa. Mwili uwe shaba nyekundu. Shaba njano ina zinki, na maji ya moto huila zinki hiyo taratibu mpaka chuma kinakuwa dhaifu kwa ndani huku nje kikionekana kizima. Vifuniko bapa huvimba, kwa hiyo pitisha fito moja katikati kutoka ncha hadi ncha kuvishikilia. Makopo ya rangi na mitungi ya dawa za kupuliza usiyaguse kabisa.

Kabla ya moto, ijaribu kwa maji baridi. Ijaze mpaka hewa yote itoke, ifunge, kisha isukume kwa pampu ya mkono ya kujaribia mabomba mpaka mara mbili ya presha utakayotumia. Ukitaka kufanya kazi kwa baa 2, ambayo ni kama upepo wa tairi la gari dogo, ijaribu kwa 4. Iache hapo dakika kumi ukiangalia geji. Maji baridi hayatanuki kama mvuke, kwa hiyo kiungo kibovu kitavuja tu. Bora kivuje siku hiyo.

Vali ya usalama, inayofunguka yenyewe kutoa mvuke presha ikizidi, lazima iwepo, na isikazwe eti inapoteza mvuke. Mwaka 1803 huko Greenwich, Uingereza, boila ya Richard Trevithick, mhandisi wa injini za mvuke, ililipuka baada ya vali yake kuzuiwa isifunguke, watu wanne wakafa. Baada ya hapo akawa anaweka vali mbili, moja asiyoweza kuigusa mwendeshaji.

Yaliyobaki ni ya kawaida lakini yafuate. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa au maji safi ya kuongezea betri, na hakikisha chupa si ya asidi. Ukichemsha kwa taa ya spiriti, mwali wake hauonekani juani, kwa hiyo usiongeze spiriti taa ikiwa bado ya moto, hata kama unaona imezimika. Vaa miwani na nguo za pamba. Zima moto kabla maji hayajashuka chini ya nusu ya kioo. Usikae mkabala na ncha za boila. Watoto wasimame mbali, na ndoo ya maji baridi iwe karibu. Ukimaliza, ngoja ipoe yenyewe ndipo uifungue, mwaga maji yote, tia mafuta silinda. Na kama siku hiyo umechoka au unaharakishwa na wageni, usiwashe.