Kupika bia lita 5 kwa mashine ya mezani

Mashine ya mezani ya kupikia bia ina kazi tatu tu: kupasha moto, kuzungusha kwa pampu na kuhesabu muda. Bia yenyewe hutengenezwa na hamira, mashine ikiwa imeshanyamaza.

Pima kimea cheupe cha shayiri kilo 1.2, maji lita 7.5, hopsi (maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu) za uchungu gramu 7, zenye asidi alfa, yaani kiini cha uchungu, asilimia 10, hopsi za harufu gramu 8, na hamira kavu ya ale (bia inayochachia kwenye joto la chumba) gramu 4. Maji yanazidi lita 5 kwa sababu kimea kitanyonya zaidi ya lita moja, mvuke utachukua sehemu yake, na mengine yatabaki na mashapo. Maji yakinuka klorini, yapitishe kwanza kwenye kichujio cha mkaa, la sivyo bia itakuwa na ladha ya dawa ya kusafishia vidonda.

Lawama nyingi zinazotupiwa pampu ni za kinu cha kusagia kimea. Saga kwa nafasi ya rola ya milimita 1.1 hivi, kisha chota kiganjani: maganda yawe karibu mazima, kiini kimevunjika vipande vitatu vinne, vumbi liwe kidogo. Ukisaga unga, kikapu cha kimea ndani ya mashine huziba. Togwa, yaani maji matamu ya kimea ambayo bado si bia, hujaa juu ya kimea huku chini kukikauka, na hita huunguza kilichobaki. Ikitokea, zima hita na pampu, koroga taratibu, subiri dakika 10, kisha washa pampu kwa mwendo mdogo.

Loweka kimea kwa nyuzi 66 za Selsiasi, dakika 60. Kwenye nyuzi 63 au 64 bia hutoka kavu. Kwenye 69 hubaki na utamu na uzito mdomoni. Usiamini namba ya kioo cha mashine peke yake: kihisi joto mara nyingi kiko karibu na hita, na katikati ya kimea huweza kuwa pamepoa kwa nyuzi mbili tatu. Chomeka kipimajoto chako hapo, urekebishe. Mwisho panda hadi 76, inua kikapu, acha kichuruzike bila kukikamua.

Chemsha dakika 60. Hopsi za uchungu ziingie mwanzoni, za harufu zikibaki dakika 5. Kabla tu ya kuchemka povu hupanda ghafla, kwa hiyo simama karibu. Kama mashine yako inaruhusu, acha mfuniko wazi ili mvuke uondoke na ile harufu ya mahindi yaliyochemshwa. Na kama unaishi nyanda za juu, kumbuka kwamba kwenye mita 1,500 maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Mashine iliyowekwa kusubiri 100 itasubiri mpaka togwa ikauke. Shusha kiwango kwenye mipangilio.

Poza haraka hadi nyuzi 20. Kuanzia hapa kila kinachogusa togwa, hasa mpira wa kutolea, kiwe kimepitishwa dawa ya kuua vijidudu. Pima kwa haidromita, kifaa kinachoelea kuonyesha wingi wa sukari (maji matupu ni 1.000). Tarajia karibu 1.050. Ihamishie kwenye chombo cha kuchachushia, ukitikise kwa nguvu kuingiza hewa, nyunyiza hamira, funga kizibo chenye mkondo wa maji (hutoa gesi bila kuingiza hewa), weka penye nyuzi 18 hadi 20.

Programu ya mashine ikikuambia bia iko tayari siku ya tano, ipuuze. Haidromita ndiyo hakimu: vipimo viwili sawa, vilivyopishana siku tatu, mara nyingi karibu 1.010, baada ya siku 10 hadi 14. Toa kipimo hiki cha mwisho kwenye kile cha siku ya kupika, zidisha kwa 131, upate kilevi: hapa asilimia 5.2. Ukijaza chupa kabla ya hapo, sukari iliyobaki itaendelea kuchacha ndani na chupa zitapasuka. Vipimo vikitulia, weka sukari gramu 6 kwa lita ili bia ipate gesi, jaza chupa na uziache wiki mbili kwenye joto la chumba.

Usafi wa mashine ufanywe siku ileile ya kupika. Zungusha maji ya nyuzi 60 yenye sodiamu pakaboneti (unga wa kusafishia unaotoa oksijeni) kwa dakika 20, kisha maji matupu mara mbili. Klorini usiitumie, kwani hutoboa chuma cha pua. Fungua mipira, itundike ikichuruzika, na uache mfuniko wazi; maji yaliyotuama ndani ya pampu huota ukungu usiouona.