Gari kongwe ya 4x4 inatangatanga barabarani: isake pleyi ya usukani kiungo kwa kiungo

Unaijua ile hali. Barabara imenyooka, usukani umenyooka, ila mikono haitulii hata dakika moja, unavuta kushoto kidogo gari inachelewa kuitika alafu inapitiliza, unairudisha kulia nako hivyo hivyo, ukipishana na lori ndo kabisa inasukumwa kama haina mwenyewe. Ukishuka mabega yanauma. Hapo wengi wanakimbilia moja kati ya mawili: ananunua shokapu mpya ya usukani, au anachukua spana na bisibisi anakaza ile skrubu ya juu ya stelingi boksi, lile boksi la gia linalopeleka mzunguko wa usukani kwenye fimbo za tairi. Yote mawili yanafunika ugonjwa. Shokapu ya usukani inameza mtikisiko tu, haina uwezo wa kuishikilia gari kwenye mstari, na skrubu ya boksi ukiikaza bila kujua shida iko wapi unaweza kuliua boksi zima.

Mi nafanya kitu kimoja kila siku: naushika mwendo kuanzia kwenye usukani naufuata kiungo kwa kiungo mpaka kwenye tairi. Pale ambapo kipande kimoja kimeshatembea na kinachofuata hakijaanza kutembea, hapo katikati ndo penye ugonjwa, na huo mwendo unaopotea ndo tunauita pleyi. Mengine yote hapa chini ni kuelezea tu unafanyaje hiyo kazi.

Naongelea zaidi gari zenye ekseli nzima mbele (bomba moja la chuma kutoka tairi hadi tairi), Land Cruiser 70 na 80, Defender, Patrol, Jimny za zamani, Jeep Wrangler na ndugu zao. Kama yako ina sasipensheni huru mbele mpangilio ni ule ule, ila ongeza aidla amu (mkono wa upande wa pili wa boksi unaoshikilia fimbo za usukani) na boljointi (kiungo cha gololi) kwenye orodha ya washukiwa, na hiyo aidla amu ianze kabla ya vingine maana ndo huwa inasahaulika.

Hatua ya 1: Tairi kwanza

Najua unataka kuingia chini ya gari, subiri. Jaza upepo sawa kwa sawa, mbele kushoto na kulia zisipishane, na upime tairi zikiwa za baridi. Angalia zinavyolika. Ikilika ukingo mmoja tu ni alaimenti, ikilika kwa mabonde mabonde ukipitisha kiganja, kuna kitu kinacheza au shokapu zimekufa. Tairi za matope zenye meno makubwa zinafuata mifereji ya barabara zenyewe, hiyo siyo ugonjwa wa usukani, na kama ulibadili tairi ndo tatizo likaanza basi umeshapata jibu nusu. Kaza na nati za ringi. Nimeshaona gari imefunguliwa mbele yote na kumbe nati mbili zimelegea.

Hatua ya 2: Mtu ndani, wewe chini

Hii ndo hatua yenyewe, ukiwa na mda wa kufanya moja tu fanya hii. Gari iwe chini kwenye tairi zake, usiipige jeki, maana uzito ukitoka viungo vinakaa tofauti na vinakudanganya. Weka kabari nyuma na mbele ya tairi za nyuma, gia nyutro, hendibreki juu. Kama ina pawa stelingi injini iwe inaunguruma, kwa sababu injini ikiwa imezimwa kile kifimbo chembamba kilichoko ndani ya boksi kinajikunja na wewe utadhani ni pleyi. Mkae mmeelewana, aliye ndani asiguse gia wala klachi mpaka umetoka.

Mwambie aupeleke usukani kushoto kulia, kushoto kulia, kidogo tu, kama robo ya mzunguko, taratibu bila kusimama. Asizungushe mpaka mwisho. Wewe unaanza juu unashuka:

Kwanza shafti ya usukani inayotoka ndani ya kabini kwenda kwenye boksi. Ina krosi ndogo au mpira wa kuunganishia. Shafti ya juu ikizunguka na ya chini ikachelewa, umemaliza kazi mapema.

Alafu boksi lenyewe kwenye chesisi. Usiangalie boksi, angalia ule mstari kati ya boksi na chesisi. Boksi halitakiwi kusogea hata kidogo. Likisogea ni bolti zimelegea au chesisi imepasuka, na ufa huwa unajificha chini ya matope na rangi, kwa hiyo safisha kwa brashi ya waya uone chuma. Gari iliyowahi kufungwa tairi kubwa na kupigishwa mawe hii iangalie mara mbili.

Alafu shafti inayoingia boksi na ule mkono wa pitimani unaotoka, ndo unaosukuma fimbo ya usukani. Ya juu inazunguka, mkono umesimama? Pleyi iko ndani ya boksi. Usiikaze bado, endelea, andika tu pembeni.

Alafu kila tairodi endi, vile viungo vya kwenye ncha za fimbo za usukani. Hapa macho hayatoshi, tumia vidole. Shika kiungo kwa kidole gumba na cha shahada, kimoja kikae kwenye nyumba ya endi na kingine kwenye mkono ilikofungwa, uache vitulie hapo. Endi nzima inatembea kama kipande kimoja. Iliyokufa utasikia mgongano mdogo kwenye ngozi kila usukani ukibadili upande, unahisi vidole viwili vimepishana kabla hata hujaona chochote kwa macho. Ikipanda na kushuka wima nayo imekwisha, hata kama mpira wake bado mzima. Vidole visiingie kati ya fimbo na ekseli, hapo usukani ukizungushwa ghafla vinakatika.

Hatua ya 3: Fimbo ya panhadi, ambayo watu wanairuka

Kama mbele una springi za koili, kuna fimbo ndefu inayotoka chesisi upande mmoja kwenda kwenye ekseli upande wa pili. Kazi yake ni kuizuia ekseli isiende pembeni. Sasa fikiria, boksi limefungwa kwenye chesisi, tairi ziko kwenye ekseli, kwa hiyo ekseli ikihama pembeni milimita chache tu gari imepinda bila wewe kugusa usukani. Ndo maana fimbo hii ikiwa na pleyi gari inatangatanga hata kama endi zote ni mpya.

Nilikuwa na Land Cruiser 80 iliyonifikia ikiwa imeshabadilishwa endi zote nne na boksi la mtumba juu yake, na bado ilikuwa inaenda kama imelewa. Nikalala chini mtu anazungusha. Endi safi. Boksi safi. Nikahamisha macho kwenye bolti ya panhadi upande wa chesisi, nikaona wosha ina ukingo unaong'aa kama imepigwa msasa, na pembeni yake vumbi laini jekundu la kutu, jekundu kama unga wa tofali, wakati bolti nyingine zote zimejaa matope makavu. Chuma kinachong'aa kwenye gari chafu maana yake kuna kitu kinatembea. Kuichomoa bolti, tundu la bulaketi limekuwa yai. Bushi yenyewe, ule mpira wa ndani ya ncha ya fimbo, ilikuwa nzima! Tukachomelea wosha nene pande zote mbili kurudisha tundu kwenye duara, bolti mpya ya saizi yake, na gari ikatulia. Usikubali kukaza tu bolti ya hivyo, tundu likishakuwa yai litalegea tena.

Kwa hiyo mtu akiwa anazungusha, kodolea macho ncha zote mbili za panhadi. Usukani unazunguka, fimbo inatakiwa itulie tuli pale kwenye bolti, bushi tu ndo inyonge kidogo. Gari za springi za majani nyingi hazina fimbo hii, kazi inafanywa na springi zenyewe, kwa hiyo wewe angalia bushi za springi, shakoli (vile vibati vinavyoning'iniza ncha ya springi) na yubolti (bolti za U zinazoibana ekseli kwenye springi). Yubolti zikilegea, sentabolti, ile bolti ya katikati ya springi, inakatika na ekseli inatembea juu ya springi.

Hatua ya 4: Sasa ndo jeki

Piga jeki chini ya ekseli, weka standi. Onyo kwa wenye Defender na Land Rover za zamani: hendibreki yenu inashika propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli), haishiki tairi, ukinyanyua tairi moja gari inaweza kubingirika na hendibreki iko juu. Kabari ni lazima.

Shika tairi juu na chini, sukuma vuta. Ikicheza, mwambie mwenzio akanyage breki ashikilie alafu rudia. Pleyi imepotea? Ni beringi za tairi, maana breki imezifunga haabu (kitovu cha tairi) na nako (kile kipande cha mwisho wa ekseli kinachogeuka na tairi) kuwa kitu kimoja. Pleyi ipo vilevile? Ni kingpini (pini ambazo nako inageukia) au beringi za nako. Hilo jaribio la breki dogo tu linaokoa kazi ya siku nzima, lifanye kila mara.

Beringi za tairi mara nyingi ni kukaza nati upya na kubadili grisi. Za nako zinataka shimu (vibati vyembamba vya kujazia nafasi) na kupima uzito wa kugeuka kwa mizani ya springi, fuata vipimo vya kitabu cha gari yako hapo usibahatishe.

Kisha tenganisha ile fimbo inayotoka kwenye boksi, uzigeuze tairi kwa mkono kutoka mwisho mpaka mwisho. Zinatakiwa ziende kwa uzito ule ule njia nzima. Zikikwama na kuachia, beringi za nako zimechimbika pale katikati. Hii nayo inaleta kutangatanga japo hakuna pleyi yoyote: gari inakataa kurudi katikati yenyewe, kwa hiyo wewe ndo unairudisha kila saa.

Hatua ya 5: Boksi, la mwisho

Ukiwa bado umetenganisha hiyo fimbo, zungusha usukani taratibu mwisho wa kushoto, hesabu mizunguko mpaka mwisho wa kulia, gawa kwa mbili. Hapo ndo katikati ya kweli ya boksi. Boksi limetengenezwa likaze zaidi hapo katikati, ukitoka pembeni linalegea lenyewe, ni la asili. Sasa gari nyingi zilizopandishwa springi, fundi aliona usukani umekaa upande akaung'oa akaurudisha ukiwa umenyooka, basi. Matokeo yake gari inaenda mbele huku boksi liko nje ya katikati yake, kwenye sehemu iliyolegea, na hakuna endi mpya itakayosaidia. Dawa ni kuweka boksi katikati, tairi zinyooke mbele, alafu urefushe au ufupishe ile fimbo mpaka iingie yenyewe. Fimbo hiyo ndo inanyoosha usukani. Ile inayounganisha tairi mbili ndo inaweka alaimenti, usizichanganye.

Kama pleyi ya boksi bado ipo, legeza nati ya kufungia, kaza skrubu kwa sehemu ya nane ya mzunguko, funga nati, jaribu. Lazima boksi liwe katikati unapokaza. Ukishatoka kona ukaachia mikono kidogo usukani unatakiwa urudi wenyewe, usiporudi umekaza sana, rudisha nyuma. Ukipita robo ya mzunguko na bado pleyi ipo, boksi limechoka ndani, acha kukaza.

Hatua ya 6: Hakuna pleyi popote na bado inatangatanga

Hapo nauliza swali moja: gari imepandishwa? Ukipandisha springi bila kurekebisha kasta, ekseli inajizungusha mbele na ile pembe inayofanya tairi zijinyooshe zenyewe inapungua. Defender kiwandani ni digrii 3, siyo nyingi za kupoteza. Dalili zake ni usukani mwepesi kwenye mwendo, na hauna hamu ya kurudi baada ya kona. Kapime kwenye mashine ya alaimenti wakupe namba ya kasta, usikubali toe (tairi za mbele zinavyoelekeana) peke yake. Dawa ni bushi za kurekebisha kasta kwa wenye koili, au kabari za chuma chini ya springi za majani, ila kumbuka ukizungusha ekseli unaishusha na pua ya difu, propela ya mbele inaweza kuanza kutetemeka.

Na usisahau nyuma. Tafuta barabara tupu, kanyaga mafuta, achia ghafla, kanyaga, achia. Kama pua inaenda upande mmoja ukikanyaga na upande wa pili ukiachia, ekseli ya nyuma ndo inakuendesha. Lala chini ya nyuma na mtalimbo, tia kwenye kila bushi ya mikono ya nyuma uibinue, na kwa Defender angalia ile boljointi juu ya difu. Kwangu zimekuwa gari tatu sasa ambazo watu walibadili mbele yote na ugonjwa ulikuwa huko.

Ukishabadili chochote, toe ipimwe upya na pini za kufungia nati za endi zote ziwe mpya, alafu baada ya kilomita 100 hivi rudi chini ukaguse kila nati uliyofungua.