Kunyoosha nywele za kipilipili nyumbani ukiwa Nairobi: ogopa unyevu kuliko moto

Dada zangu wa Tanga, Dar na Mwanza mliohamia Nairobi, na nyinyi mnaofunga mizigo, naanza na lililoniumiza: usipitishe pasi ya kunyooshea kwenye nywele ambazo hazijakauka mpaka ndani. Nitalirudia, maana mimi niliambiwa mara moja tu, likaingia sikio hili likatokea lile.

Kwetu Tanga unaosha nywele asubuhi, unafunga mabutu, na adhuhuri zimeshakauka. Hakuna anayekufundisha kukausha, jua linakufanyia. Nairobi iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Julai baridi hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliosha Jumamosi jioni, nikafunga mabutu manane, nikalala. Asubuhi jirani alikuwa na ubatizo wa mwanawe. Nikagusa kichwa, nikaona pakavu. Nikapandisha pasi hadi nyuzi 230, maana ndiko namba zilikoishia, nikaanza na utosi. Ikalia "chwaaa", mvuke ukapanda mbele ya kioo. Nikadhani ni mafuta ya nazi.

Yalikuwa maji. Katikati ya butu ndiko kunakokauka mwisho, na kwa baridi hii mkono hautofautishi nywele baridi na nywele mbichi. Maji yaliyobaki ndani ya unywele yakikutana na chuma cha moto hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke ule hutafuta njia kwa kuutia unywele viputo. Kwa macho huoni kitu. Siku ile nilipendeza, nikapigwa picha. Wiki ya pili nachana, nikaona vipande vifupi kwenye sinki, vimekatika katikati, havina mzizi. Nilipoosha, nywele za utosini zililala kama ndevu za mahindi huku nyingine zote zikijikunja. Nywele zilizoungua hazirudi, hata uzipake yai au parachichi. Nilizipunguza kwa mkasi kidogo kidogo zaidi ya mwaka mzima.

Kwa hiyo fungua mabutu yote, usipapase juu juu. Bana kishungi kwa tishu kavu karibu na ngozi, uhesabu hadi 20. Tishu ikilegea, weka pasi chini, usubiri. Na hata ukijiamini, ukisikia "chwaa" au ukiona mvuke, ondoa pasi hapo hapo. Usimalizie hata hicho kishungi.

Mengine mnayajua. Osha, tia kondishena, chambua kwa vidole kuanzia ncha. Suka kwa uzi mweusi kama bibi zetu, maana uzi unafanya nusu ya kazi ya kunyoosha bila moto. Zikikauka pitisha draya kwa joto la kati, paka dawa ya kuzikinga na joto, gawa vishungi vyembamba, kisha pasi ya nyuzi 180 ifuate kitana mara moja tu. Usiku funga kitambaa cha satini. Mtaa wako ukiwa na maji ya chumvi ya kisima, tafuta maji mengine ya kusuuzia mwisho.

Mama mdogo alinipigia simu akasema nipake mafuta mengi kwanza, pasi iteleze. Mama mdogo, nakupenda, na ulituchoma nywele kwa chanuo la chuma juu ya jiko la mkaa bila kuharibu kichwa hata kimoja. Lakini ulilijaribu kwanza kwenye kitambaa cheupe, likiacha alama ya kahawia unalipoza, na nywele zetu zilikuwa zimeshinda juani tangu asubuhi. Mafuta mengi chini ya pasi yanakaanga. Na binamu zetu walioko Marekani, msitutumie pasi za volti 120. Umeme wa hapa ni 240, zitaungua siku ya kwanza.

Wanairobi ni wakarimu, sijawahi kukaa peke yangu sikukuu. Ila wana haraka. Ukienda Kenyatta Market watakusuka watatu kwa pamoja, utoke mapema, na kwa kusuka sina lawama. Kwenye pasi ndipo haraka inapoumiza. Katika saluni moja mjini niliona pasi ikipita juu ya nywele zinazofuka mvuke na hakuna aliyeshtuka, nami nikajua ndivyo inavyofanywa. Kodi ya kiti ambayo msusi humlipa mwenye saluni ni kubwa, naelewa. Lakini kinachotukimbiza wengi ni usaili wa kazi, na mji huu bado unadhani nywele zilizolala ndizo nadhifu. Hilo linaniudhi, na halinipi sababu ya kuchoma nywele mbichi.

Ukienda Dubois Road kununua vifaa, usishawishiwe kuchukua chupa isiyo na maandishi ya "keratini", dawa ya kunyooshea nywele. Nyingi za dawa hizo hutoa gesi ya formaldehaidi zikipigwa pasi, macho yanawasha, na tangu 2004 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeiweka gesi hiyo kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Chumba chetu cha kupanga kina dirisha moja, na mtoto amelala humo humo.

Mdogo wangu anaingia mwezi ujao kwa basi la Namanga. Nimemwambia aache pasi, alete uzi, na akiwa na shughuli Jumapili aoshe nywele Ijumaa.