Gunia ya kahawa usitupe, pamba nayo salo yako

Kwanza tuelewane ni gunia gani. Siyo ile nyeupe ya unga ao maharagi, hapana, ni ile ya kamba-kamba rangi ya udongo, banatiyaka kahawa ndani. Ukiwa na mashaka chomoa uzi moja uuchome na kiberiti: juti, ile nyuzi ya mimea banashonaka nayo gunia, inaungua sawa karatasi na inabakia majivu, ya plastiki inayeyuka. Hapa Goma zunguka Birere ao soko ya Virunga, uliza bamama benye kuuza masaki ya zamani, na kama unapata yenye maandishi ya wino beba haraka, ile maandishi utaiweka mbele bageni baione.

Ikung'ute inje kabisa, halafu iloweke mu beseni usiku moja na sabuni kidogo, juu juti banaipakaka mafuta ku izini ili nyuzi zilainike na njo ile harufu inakupigaka mu pua. Mashini usijaribu, itajaa manyoya. Usiikamue kwa kuikunja, itundike tu maji ichuruzike, na pasi upige ikingali na unyevu.

Sasa kukata kitambaa chembamba cha kutandika katikati ya meza, kazi yote iko hapa. Ya kwanza mimi nilikata na macho, makasi hivi tu sawa vile tunakata kikwembe, kesho yake pembe zote ziko zinafumuka na kitambaa kimelala upande ku meza, bageni banaangalia na bananyamaza, unajua ile kunyamaza. Fanya hivi: pima upana, tuseme santimeta 35, pale pa alama inua uzi moja na ncha ya sindano, uvute pole pole huku mkono ingine inasukuma kitambaa nyuma, kinajikunja-kunja sawa mukono ya shati. Uzi ukikatika usikasirike, tafuta ncha yake uendelee. Uzi ukitoka wote unaacha kanjia kembamba kamenyooka, pitisha makasi humo humo.

Urefu, pima meza uongeze santimeta 40 ili ining'inie 20 kila upande. Ku kila ncha shona mstari santimeta 2 kutoka ukingo, kisha chomoa nyuzi zote zenye kulala sambamba na ule mstari, zile zingine zinabakia zinaning'inia kama ndevu, haiendelee kufumuka tena. Kandokando shona vipande vya kikwembe, fundi wa mutaa atakupa vile anatupaka.

Kipande kinabakia? Tengeneza nayo chungu ya fula (maua): chukua bidon ya jano ya litre 5, kata kichwa, toboa matako na musumari ya moto, tia mawe madogo ya volkano chini (hayo hatununue, tunakanyaga), halafu udongo na fula. Gunia izungushe inje, kole ya mbao upake mu ukingo tu, na chini uache santimeta 3 wazi juu maji ikigusa juti kila siku inaoza.

Kwa mbao za ukuta karibu na mbabula usitundike hata kipande, na siku kurá (umeme) inakatika bujia (mushumaa) ikae mbali, hii kitu inashika moto mbio sana. Vumbi yetu nyeusi nayo inaipenda, basi kila siku ya posho (samedi) toa inje uipige na fimbo.