Kuunganisha maji ya gati kwenye boti ya matanga bila kuizamisha

Tangi la lita 200 likivujia ndani ya boti, litamwaga lita 200 basi. Bomba la gati halina "basi". Litamwaga usiku kucha, na boti inaweza kuzama ikiwa imefungwa kamba gatini, bila tone la maji ya bahari kuingia. Ndiyo maana mara nyingi mimi hujaza tangi tu, kisha nikakunja mpira wa maji. Lakini kama unaishi chomboni na unataka maji ya moja kwa moja, fanya hivi.

1. Pima adui kwanza. Weka ndoo ya lita 20 chini ya bomba la gati, fungua koki mpaka mwisho, hesabu. Ikijaa kwa dakika moja, hizo ni lita 1,200 kwa saa, tani moja na ushee. Sasa soma kibandiko cha pampu yako ya ngama, ile inayotoa maji yanayokusanyika chini ya sakafu ya boti. Namba ile hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji juu. Ikibidi kuyapandisha hadi tundu la ubavuni, inapungua sana. Na betri nayo inakwisha.

2. Kagua mabomba ya ndani. Washa pampu ya boti, funga koki zote, tulia usikilize. Pampu ikiguruma yenyewe bila mtu kufungua maji, kuna mahali panavuja. Paziba kabla ya kwenda mbele. Vuta kila mpira kwenye kiungo chake, badilisha klipu zenye kutu. Usiruke nyuma ya hita na chini ya sinki, hata kama itabidi ulale chali na tochi mdomoni.

3. Kipunguza presha. Hapa usibane pesa. Pampu nyingi za maji safi za boti hujizima presha ikifika psi 40 au 45, yaani takriban bar 3 (psi na bar zote ni vipimo vya presha), na mabomba ya ndani yamezoea hapo. Bomba la gati linaweza kutoa psi 60, 80, hata zaidi. Funga kipunguza presha kwenye bomba la gati lenyewe, mshale ukielekea botini. Ukikiweka upande wa boti, mpira uliolala juani kutwa ndio utakaobeba presha yote.

Nunua chenye geji ya kuonyesha presha, kiweke bar 2.5 hadi 3. Kisha ufanye jaribio ambalo wengi hawalifanyi: kila kitu kikiwa kimeunganishwa, funga koki zote za ndani na uitazame geji kwa dakika kumi. Mshale ukipanda taratibu, kifaa kimechoka ndani. Maji yanapotiririka kitaonekana kizima, usiku koki zikifungwa kinaachia presha yote. Kitupe.

4. Valvu za njia moja, mbili. Ya kwanza gatini, ili presha ya huko ikishuka maji ya boti yako yasinyonywe kurudi kwenye mabomba ya wenzako. Ya pili baada ya pampu ya boti. Bila hiyo, punje ya mchanga ndani ya pampu inatosha kuruhusu maji ya gati yarudi nyuma kujaza tangi, yafurike kwenye tundu la hewa. Katika boti nyingine tundu hilo liko ndani. Ukiona tangi linajaa lenyewe, usishukuru, funga bomba.

Valvu hizi zina gharama yake: maji ya hita yakipata moto hutanuka, na sasa hayana pa kurudi. Valvu ya usalama ya hita itaanza kudondosha. Tangi dogo lenye hewa ndani, la kupokea maji yanayotanuka, linatuliza hali hiyo.

5. Mpira. Uwe wa maji ya kunywa. Futa mdomo wa bomba, acha maji yapite dakika moja au mbili, ncha isiguse maji ya bandari. Kichujio kikae baada ya kipunguza presha.

6. Fungulia. Zima swichi ya pampu. Fungua koki ya mbali kabisa ndani ya boti, ya baridi na ya moto, kisha fungua gati polepole mpaka hewa iishe. Hita usiiwashe kabla maji ya moto hayajatiririka bila kukohoa. Funga koki, pitisha karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungo: inaonyesha unyevu ambao kidole hakiuhisi.

7. Ukiondoka, funga gatini. Hata kwa nusu saa, na usiku pia. Kisha fungua koki moja ndani ili presha itoke. Mimi nilisahau mara moja, nikarudi nikakuta mbao za sakafu zinaelea. Tangu hapo, maji yakiwa wazi, kufuli la mlango wa boti hukaa kwenye koki ya gati. Siwezi kufunga mlango bila kupita pale.

Tangi nalo lisisahaulike. Maji yaliyolala humo wiki nyingi huanza kunuka, kwa hiyo siku moja kila wiki tumia pampu na ujaze mapya.