Jinsi ya Kuwakinga Wanafunzi wa Vyuo na Ulevi

Pombe chuoni ina majira yake, na anayetaka kuizuia sharti ayajue. Katika vyuo vikuu vya Tanzania majira hayo ni mawili: majuma ya kwanza ya mwaka wa masomo, mwanafunzi mgeni anapotafuta marafiki mahali pasipo na mzazi wala mwalimu wa zamu, na siku zile fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, ambazo wanafunzi huziita bumu, zinapoingia. Semina inayofanyika katikati ya muhula, watu wakiwa wamekwisha kuzoeana na baa, huwa imechelewa.

Kwa hiyo ofisi ya mshauri wa wanafunzi na serikali ya wanafunzi zipange kazi kwa kufuata majira hayo. Jioni za Ijumaa na Jumamosi za mwezi wa kwanza wa masomo ziwe na michezo, midahalo au muziki ndani ya chuo, kwa kuwa mgeni asiye na pa kwenda humfuata yeyote anayetangulia kumwalika, na shughuli hizo zisidhaminiwe na wauza pombe. Bumu linapoingia, mwanafunzi alipe siku hiyohiyo kodi ya chumba, chakula na gharama za kuchapa kazi zake, kisha fedha iliyobaki aigawe kwa wiki badala ya kutembea nayo yote kwenye simu.

Mwanafunzi mwenyewe ajue kwamba ile kauli ya "kila mtu anakunywa" si ya kweli. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha mara nyingi kwamba wanafunzi hukadiria unywaji wa wenzao kuwa mkubwa kuliko ulivyo, na kadirio hilo ndilo linalowasukuma. Jibu fupi kama "leo sinywi", lisilofuatiwa na maelezo, hushinda visingizio vingi. Aliyeamua kunywa akatae kununuliana kwa zamu, maana hapo kila mmoja hulazimika kwenda na kasi ya mnywaji mwenye haraka kuliko wote. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu zipatazo 20 za alkoholi, ambazo ini huhitaji kama saa mbili au zaidi kuziondoa. Kahawa, supu au kuoga maji baridi haviharakishi kazi hiyo. Mililita 200 za pombe kali ya asilimia 35 zinakaribia chupa tatu za bia hiyo. Viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini pombe kali ya bei nafuu katika chupa ndogo bado ipo. Gongo, pombe kali haramu ya kienyeji, ni hatari ya namna nyingine kabisa, kwani ikichanganyika na methanoli, alkoholi yenye sumu, hupofusha na kuua.

Mwenzako akilewa hadi haamki, anapumua polepole au kwa kukatizakatiza, anatapika bila kujitambua, au ngozi yake imekuwa ya baridi na midomo imebadilika rangi, usimwache "alale itaisha". Mlaze kwa ubavu ili matapishi yasimpalie, usimpe kitu chochote kinywani, usimlazimishe kutapika, baki naye na umpeleke hospitali mara moja. Hapa nauomba uongozi wa kila chuo utangaze kwa maandishi kwamba anayeita msaada, pamoja na anayesaidiwa, hawatafikishwa kwenye kamati ya nidhamu kwa sababu ya pombe ya usiku huo. Hofu ya adhabu hufunga milango ya vyumba wakati dakika zinahesabika, na hakuna kanuni ya hosteli inayozidi uhai wa kijana.

Ukiona mwenzako wa chumbani anazama, zungumza naye akiwa mzima, mkiwa wawili tu, na utaje ulichokiona badala ya kumpa jina: "Jumatatu hukufanya jaribio, na juzi nilikukuta umelala koridoni. Nina wasiwasi nawe." Usitarajie akubali siku hiyo, rudia baada ya siku chache, na ujitolee kumsindikiza kwa mshauri wa wanafunzi au zahanati ya chuo. Dodoso la maswali 10 la Shirika la Afya Duniani liitwalo AUDIT litamsaidia kujipima, na alama 8 au zaidi zinadai azungumze na mtaalamu. Anayekunywa kila siku asiambiwe aache ghafla peke yake, kwa maana mwili uliozoea pombe unaweza kupata degedege. Huyo aanzie hospitalini, kwenye idara ya afya ya akili, na wewe uendelee kumtembelea.